Fomu ya Maandishi Makubwa

Fomu ya kuombea karatasi ya maandishi makubwa
imechapwa kwa herufi kama mayai ya chawa.
Mwalimu Mwakalobo ananisomea: Taja ulemavu.
Ambatisha cheti. Gonga muhuri.

Mara mbili nimepanda Mbeya kwa daktari wa macho.
Ya kwanza, muhuri ulifungiwa kabatini,
mwenye ufunguo yuko msibani Kyela.

"Sasa sema, unataka nini?"
Nje ukungu wa Tukuyu umemeza mashamba ya chai;
mwalimu naye anasema haoni mlingoti wa bendera.
Anangoja utawanyike.

Andika hivyo hivyo, mwalimu:
herufi nene kama punje za mahindi,
na saa moja zaidi
ya kungoja ukungu upite.

Sahihi nitatia mwenyewe.
Nionyeshe tu kwa kidole
mstari unaanzia wapi.