Kilo Moja ya Gunia

Msimu ulipofungwa, malori yakateremka Mtwara,
nilibaki ghalani peke yangu na mzani.
Nikapanda. Mshale ukatetemeka, ukatulia:
tisini na sita.
Nikatoa kilo moja ya gunia, kwa mazoea,
ndipo nikakumbuka kuwa gunia ni mimi.

Miaka kumi na miwili nawakamata
wanaoloweka korosho usiku, wanaoficha mchanga chini,
kokoto katikati.
"Mwaga," huwaambia, "mwaga tuone."
Mimi nani atanimwaga?

Kwanza nilitembea. Jioni, polepole, na mwamvuli,
nikisalimia kila baraza la Newala,
nikiketi kila nilipokaribishwa,
na baraza halikosi sahani.
Mwezi ukaisha. Mshale haukuwa na habari nami.

Ndipo nikahamia Shimo la Mungu.
Kushuka si kazi, yanalalamika magoti tu.
Kupanda ndiko: mbio mpaka mkorosho uliopinda,
moyo ukigonga kama mtu aliyefungiwa nje,
mate machungu, masikio yanavuma,
simama, hesabu thelathini,
tena mbio.
Likwemba wa mkaa akashuka kwenye baiskeli:
"Dada Somoe, kafa nani?"
"Bado hajafa," nikamjibu nikihema,
"lakini hali yake mbaya."

Mama alipanda njia hii hii, ndoo kichwani,
maji ya bondeni, mara mbili kabla ya jua,
akawa mkavu kama mpini wa jembe,
wala neno mazoezi halijui.
Akaniombea bomba, nisipate taabu yake.
Bomba likaja.
Nimenenepa kwa dua ya mama.
Sasa ananiona nashuka mikono mitupu,
napanda mikono mitupu, nimelowa kama nguo ya kufuliwa.
Anatazama. Anatafuna mhogo wake.
"Si uchukue hata ndoo," anasema.

Jana nimerudi ghalani, milango imefungwa,
popo juu ya kenchi, harufu ya magunia ya mwaka jana.
Tisini na moja na nusu.
Ya gunia sikutoa.
Ile nusu naijua ilikotoka:
maandazi mawili ya Bi Asinati,
niliyojilipa mwenyewe juzi, baada ya mbio,
kama kibarua anayejiandikia posho.
Kesho alfajiri mlima utanidai.