Jina la Kukodi

Ukija Kibuye usiulize namba ya kiwanja.
Hata mimi huisoma kwenye risiti ya kaunti.
Uliza kwa Perez wa makochi,
muuza omena atakunyooshea kidole chenye magamba.

Ndivyo Mulama alivyonifunza mtandao,
ameketi juu ya kochi lisilovishwa kitambaa,
mimi na misumari mdomoni:
huko kila duka lina namba, mama, ndefu na kavu,
kichwa cha mtu hakizishiki.
Jina ndilo linaloshikika.

Na jina husomwa kuanzia mkiani,
kama karani wa posta anavyosoma bahasha:
Kenya kwanza, kisha Kisumu, kisha sanduku,
wewe ukiwa wa mwisho kutafutwa, ingawa umeandikwa juu.
Swali hutoka mbio. Mwenye daftari kuu hamjui Perez,
anajua tu Kenya iko upande gani.
Kenya inajua safu ya wenye biashara.
Safu inajua ni nani anayeitunza namba yangu.
Jibu hurudi kabla sijatema msumari.

Tukatafuta jina.
Makochi Bora, lina mwenyewe. Makochi ya Ziwa, lina mwenyewe.
Kwetu mtoto akilia usiku kucha
huitiwa waliotangulia, mmoja mmoja, hadi anyamaze.
Nikamtaja nyanya: Agutu.
Mashine ikatulia. Lipo, akasema Mulama,
shilingi elfu moja na ushee.

Hakusema kila mwaka. Au alisema,
nami nilikuwa nikipiga nyundo.

Mwaka ukaisha tukiwa Seme, msibani.
Barua za onyo zilikwenda kwenye anwani
ambayo neno lake la siri nililiandika kwenye kalenda,
na kalenda tukaiwashia jiko.
Siku za msamaha nazo zikapita.
Leo ukimwandika Agutu unafunguliwa na mtu wa kamari.
Nyanya yangu, ambaye hata bao hakucheza!

Nilidhani nimenunua. Kumbe nilipanga,
kama kibanda hiki ambacho mwenyewe hubisha kila tarehe tano.

Mulama amepiga simu: tujaribu jingine?
Nimemwambia asubiri.
Binti yangu alijifungua juzi, mtoto analia tangu saa nane ya usiku,
tumeita majina hadi sauti zimekauka,
na bado hatujafika kwa Agutu.