Swali la Kumi na Moja

Chumba chetu kiko chini kabisa, nyuma ya dobi la hospitali,
mahali ambapo lifti huahidi kufika kila Jumatatu
na kila Jumatatu haifiki.
Kwa hiyo wagonjwa wa miguu hushuka ngazi kumi na tisa
waje kufundishwa kushuka ngazi.

Nina kitanda kimoja, mpira mmoja unaopumua kidogo kidogo,
kipimapembe cha plastiki kilichofutika namba upande mmoja,
na koti jeupe. Wengi huniita wa masaji.
"Wa masaji, nikande hapa," asema mlinzi wa lango,
shingo ameinyoosha kama kuku anayesikiliza mvua.
Namkanda. Halafu namweleza habari za kiti anachokalia.

Bi. Nasambu alikuja Machi, goti limejifunga kama kufuli la duka.
Pikipiki ilimpitia Gikomba akiwa na bunda la sweta kichwani.
Nikatoa dodoso: karatasi sita, tafsiri safi,
mhuri wa kamati ya maadili haujakauka wino.
Swali la kumi na moja: Je, unaweza
kuingia na kutoka kwenye sinki la kuogea?
Akacheka mpaka goti likamuuma.
"Binti, mimi huogea karai.
Niulize choo. Niulize kama naweza kuchuchumaa
bila kushika ukuta ambao kila mtu ameushika."

Nikabaki na kalamu hewani.
Nilifunzwa kwamba digrii tisini zatosha:
ukikunja goti tisini umekaa kitini,
umekula, umeingia garini mwako, umepona.
Lakini choo cha kule Pipeline kinadai mia na thelathini,
na ghorofa ya nne inadai jerikani la lita ishirini,
na vitabu nilivyosoma havijawahi kuteka maji.

Nikalifuta swali la kumi na moja. Nikaandika lake, kwa penseli.
Nikamuuliza Barongo wa bodaboda. Nikamuuliza mwalimu Kavata
ambaye kiharusi kilimnyang'anya mkono wa chaki.
Nikauliza watu mia na saba, miezi kumi na minne,
jioni, bila posho, katika daftari la mwanangu la hesabu.
Safu ya mwisho sikuwa nimeipanga: Aliacha kwa nini?
Nauli. Nauli. Bima imekatia kikao cha sita.
Nauli. Mwajiri. Ameambiwa ni mapepo.
Nauli.

Wakatuita mbele ya kamati ya kaunti. Dakika tatu.
Nilikwenda na Adhola, ana shahada, hana ajira mwaka wa tatu,
anauza mayai Umoja na kipimapembe kingali mfukoni.
Mwenyekiti akauliza, "Hii ya kukandakanda nayo ni dharura?"
Nilikuwa na grafu. Nikaiacha ilale.
Nikasema, "Waheshimiwa, naomba msimame.
Sasa chuchumaeni."

Viti vya ngozi vikalia.
Wawili walijaribu. Mmoja akaing'ang'ania meza.
Mwenyekiti hakujaribu, ila nilimwona
akijisugua kiuno kwa siri, nyuma ya faili.

Sitawadanganya: bajeti haikutikisika.
Barua yetu ina mhuri, Imepokelewa.
Jarida limejibu kwamba sampuli ni ndogo
na kwamba swali letu jipya ni "la kienyeji mno."
Habari ya lifti mnaijua.

Leo Bi. Nasambu ameshuka ngazi zote kumi na tisa
akizihesabu kwa sauti, kama mtu anayenidai.
Nimempima mara mbili, upande wenye namba.
"Mia na kumi na nane," namwambia. "Zimebaki kumi na mbili."
"Hizo ndizo za ukuta," anasema,
anavuta pumzi, anashika bega langu,
anashuka tena.