Madaftari Matatu

Saa nane usiku Mto Mathare ulibisha mlango wa Mama Kerubo
na haukungoja kukaribishwa.

Zimamoto walifika na kamba, hawana mashua.
Msalaba Mwekundu walifika na mashua, injini kavu.
Petroli ilikuwa kwenye gari la kaunti, kule juu barabarani,
na dereva Gichuru alikuwa akingoja amri ya maandishi.
Ufunguo wa shule ulikuwa mfukoni mwa bawabu Makokha,
na Makokha alikuwa ng'ambo, juu ya bati,
amekumbatia kuku wawili.

Kila idara ilinena kwenye wimbi lake.
Wimbi lililotufikia sote
lilikuwa la maji.

Sijui nani alianza.
Nilimwona tu Mwongeli akivua simu yake ya upepo
na kumvisha Koplo Lekishon shingoni,
naye akampa yake,
kama majirani wanaoachiana watoto kwa usiku mmoja.
Gichuru akavuta petroli kwa mpira na mdomo,
akatema, akasema:
"Amri mtaiandika mkikauka."

Alfajiri, darasa la nne, hesabu.
Zimamoto: mia moja na kumi na wawili.
Msalaba Mwekundu: mia moja na tisa.
Chifu: mia moja na kumi na wanne, naye hakutaka kupunguza.

Mimi mhudumu wa afya wa mtaa sina jumla.
Nina daftari la chanjo, lenye majina na milango.
Nikasoma, mlango kwa mlango,
watu wakiitikia kutoka chini ya mablanketi,
hadi nilipofika nyuma ya kinu cha posho.

Zipora, fundi viatu.
Kimya.

Katika madaftari yote matatu aliandikwa vilevile:
*amechukuliwa na wenzetu.*

Zipora hasikii. Vipaza sauti vilipita mlangoni pake
kama mvua nyingine.

Tulirudi kwa mashua moja, sare za kila rangi,
magoti yakigongana.
Alikuwa juu ya kinu, miguu ameikunja,
mapajani gunia la viatu vya watu.
Hakulia. Alitutazama mmoja mmoja,
akanyoosha kidole, akatuhesabu:
saba.
Kisha akageuza viganja juu, kama anayeuliza,
wote hawa, kwa ajili yangu?
na wapi mlikuwa?

Amri ya petroli iliandikwa Alhamisi.
Niliitwa kutia sahihi, kama shahidi.