Sukari ya Maganda

Kamba hukatikia pabovu, tumefunzwa hivyo.
Lakini huyu ni kamba mwingine,
mwenye miguu mingi na ganda jembamba,
aliyevuliwa kaskazini ya Aislandi,
akamenywa na mashine, nyama ikaenda zake,
ganda likabaki pipani, likinuka.

Eydís hulichukua kwa ndoo.
Huitoa chokaa kwa asidi, hulichemsha,
hulisaga hadi liwe unga mweupe,
na ndani ya unga, mnyororo mrefu wa sukari
usio na utamu wowote.
Aliwahi kuuonja, kwa ukaidi.

Anauchanganya na sukari nyingine, ya mwani,
na kabla kahawa haijapoa
maji yamesimama: ute mzito, kama jicho la samaki.
Anaukata kwa wembe. Nusu moja ameitia buluu.
Anazikutanisha. Habinyi, hashoni, haombi.
Dakika kumi na tisa kwa saa ya ukutani.
Anainua upande mweupe kwa kibanio;
wa buluu unafuata, kama mtoto aliyeshika sketi.

Ni vifungo, anaandika daftarini,
visivyo na kiburi: huachia, hushika tena.

Mtaa wa pili, orofa ya chini,
Steingrímur, baba yake, ana sukari
tangu mwaka aliouza mashua
na haki ya kuvua, bila kumwuliza mtu.
Unyayoni pana tundu, ukubwa wa kifungo cha koti,
halijafunga tangu theluji ya mwaka juzi.
Daktari ana jina refu la tundu hilo.
Kiswahili huliita donda ndugu,
na sijui ni lugha ipi iliyosema kweli zaidi:
linakaa, linakula, haliagi.

Ndugu wenyewe hawaji.
Eydís huja Alhamisi, hufungua bendeji,
huosha, hufunga. Maneno ni mawili: inua, shusha.

Leo baba anauliza:
"Ule uchafu wako wa maganda, utanifikia lini?"
"Bado. Tuko kwenye panya. Miaka, labda."
"Sina miaka."
"Najua."

Anaushika unyayo
muda mrefu kuliko bendeji inavyohitaji.
Nje upepo unagonga mabati ya kiwanda.
Mzee anatazama ukuta, pale palipokuwa na picha ya mashua,
kisha anasema, si kwa ukuta:
"Injini ile ilikuwa mbovu, Eydís. Ningewaambia."

Hajibu.
Dakika ya tatu. Ya nne.
Mkono hajautoa.