Upindo

Baba hakutamka kwamba anatupenda.
Alituachia upindo:
vidole vinne vya kitambaa ndani ya kila sare ya skuli,
ameshona kwa mkono, kwa uzi mlegevu
wa kufumuka bila vita.
"Utakua," alisema, pini zimo mdomoni,
na cherehani ikaendelea.

Pale Shela, Malindi, watu walimletea
vitambaa vya kanzu mwezi ishirini na tisa, kesho Idi.
Akawafokea. Akashona.
Kahawa ya mama ikapoa mara tatu.

Kwa chaki ileile alitupima mlangoni, sote saba.
Athmani alipotutoka, mstari wake haukufutwa;
baba aliupaka rangi mlango mzima,
akauzunguka.

Wajukuu walimkuta macho yamefifia.
Wakamtungia uzi kwa zamu, kwa peremende,
siku nyingine kwa mkopo.

Leo Bwanaheri karudi, suruali imepanda juu ya kifundo.
Nimekaa na wembe, nafumua.
Huku ndani buluu haijapauka,
na mstari wa chaki upo,
umekwenda upande kidogo.

Nimeshusha vidole viwili.
Viwili nimeviacha.