Taa ya Nne

Kutaisi, Novemba. Mvua haijui kuaga.
Ofisi ya wapima ardhi iko ghorofa ya pili:
vyumba vitatu, jiko moja la kuni,
kompyuta nne zisizojuana.

Nilikuja na roli ya kebo begani
na keekee ya umeme niliyoachiwa na baba.
Mkuu wao, Jumber, alitaka jambo moja tu:
ramani itoke chumba hiki ifike kile
bila mtu kuinuka kitini.

Hadi siku hiyo ramani zilikwenda kwa miguu.
Tsiala wa hesabu alizibeba ndani ya flashi
iliyoning'inia shingoni kwa uzi mwekundu,
hatua thelathini na moja za ukumbi
(nilizihesabu, kwani kebo haikatwi kwa kukisia),
hadi kwa Vazha, mgane, meza ya mwisho, dirishani.
Kila safari alikawia kiasi cha kikombe kimoja cha chai.

Ukuta ulinikatalia mchana kutwa.
Mawe ya enzi ya babu zao, unene wa mkono mzima.
Keekee ililia, ikanuka moto, ikapenya:
tundu la ukubwa wa jicho,
vumbi jeupe juu ya hati za viwanja vya marehemu,
na ng'ambo ya pili Vazha akichungulia:
"Hodi hiyo, au vita?"

Kisha kazi ya vidole.
Nyuzi nane, zimesukwa mbili mbili:
nyeupe-chungwa, chungwa,
nyeupe-kijani, buluu,
nyeupe-buluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia.
Kosea mmoja, upate kimya.
Nilikosea mmoja. Nikakata, nikaanza upya.

Nikazigawia anwani kama wapangaji wa nyumba moja:
mwanzo ni uleule, mkia tu ndio tofauti.
Jumber kumi, karani kumi na moja,
Vazha kumi na mbili, Tsiala kumi na tatu.
Hapa hamwendi duniani, niliwaeleza,
haya ni maongezi ya uani.
Karani akauliza kama jirani wa chini atasikia.

Nikatuma hodi ya kwanza kutoka kumi na tatu.
Upo?
Nipo.
Upo?
Nipo.
Mara nne, kila jibu kabla ya kope kugusana.
Swichi ikawasha taa nne za kijani,
Jumber akapiga makofi, akamimina divai katika vikombe vya chai,
na Tsiala akaivua flashi shingoni, polepole,
akaitia drooni pamoja na pini na betri zilizokufa.

Alhamisi simu ikalia. Taa ya nne imezima.
Nikapanda ngazi na kipima-kebo changu.
Kebo nzima, nyuzi nzima, kichwa tu kimechomoka
nyuma ya meza ya Tsiala.
"Panya," alisema, bila kuinua macho.
Nikakirudisha. Klik.

Jumatatu, tena. "Mfagizi," alisema.
Sikuwahi kumwona mfagizi katika jengo lile.

Jumatano sikuuliza kitu.
Nilisimama ukumbini nikifunga vifungo vya koti,
nikamwona akitoka na uzi mwekundu shingoni,
nywele zimechanwa upya,
plamu mbili zilizokaushwa kiganjani,
hatua thelathini, thelathini na moja,
na mlango wa mwisho ukafunguliwa kabla hajagonga.

Kwenye stakabadhi niliandika:
Kasoro, haikuonekana. Malipo, hakuna.
Jumber akaisoma mara mbili, akakuna kidevu.
"Na taa ya nne?"
Iache, nilimwambia. Hiyo hupitia njia nyingine.

Nilipokuwa nashuka ngazi nilimsikia bado
akiigonga swichi kwa ukucha, taratibu,
kama mtu anayeiamsha saa iliyosimama.